Sura Iliyotoka na Povu

Nchi yetu sitaitaja jina. Yenyewe imekwisha kulibadilisha mara tatu, na la nne liko njiani linatoka kwa mpiga chapa. Nikilitaja leo, kesho nitaonekana mwongo, na uongo nimekwisha kuusema wa kutosha.

Katika nchi hiyo kuna Wizara ya Urithi na Usafi. Zamani zilikuwa wizara mbili. Urithi walikuwa na jengo bila gari, Usafi walikuwa na gari bila jengo, na Serikali kwa busara zake ikawafungisha ndoa. Tangu hapo kila kitu cha kale kimekuwa kikioshwa. Ngoma ya watemi ilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ngozi ikatoboka. Mikuki ya mababu ilipakwa rangi ya fedha, ikapendeza kama uma za hotelini. Watu wasioitakia nchi mema waliita huo uharibifu. Mimi Laurenti nilikuwa karani wa wizara hiyo, daraja la pili, na daraja hilo nilikuwa nimelikalia miaka kumi na moja, kwa hiyo sikusema kitu.

Huko milimani, katika parokia ya Mlowezi, palikuwa na kipande cha kitambaa cha merikani, ukubwa wake kama taulo la mkono. Wazee husimulia kwamba enzi za utawala wa kigeni askari walikuja kuwasaka watu waliokimbilia mapangoni. Wakamkamata katekista Severini, wakamuuliza kama anajua walikojificha. Angeweza kusema hajui, akarudi zake nyumbani kula. Yeye alijibu, "Najua, ila sisemi." Walimpiga kutwa nzima, na kila walipouliza aliwajibu maneno hayohayo, maana alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa askari. Alipokufa, mkewe alimfuta uso kwa kitambaa kile, na uso ukabaki.

Sura yenyewe, tusidanganyane, haikuwa sura sana. Ilikuwa doa la rangi ya chai. Ulihitaji kusimama upande wa kushoto, asubuhi, na uwe na shida zako, ndipo ulione jicho.

Watu wa Mlowezi walikuwa na desturi yao mbele ya kitambaa hicho. Kila aliyesimama pale alisema neno moja la kweli, kwa sauti. Huyu atasema mbuzi wa jirani aliyepotea alifungiwa na yeye. Yule atasema mkwe wake hampendi na hajawahi kumpenda. Waliokuwapo hawakumsamehe wala kumlaumu. Walimjibu neno moja tu, "Umesema," naye akaondoka akiwa amepungua uzito.

Mtunzaji wa kitambaa alikuwa Bibi Katarina Ngimba, mjane, mfuaji wa nguo za altare kwa miaka thelathini na minne. Ufunguo wa kabati aliufunga kwenye pindo la khanga yake. Nilimkuta na jina zuri, na ninaomba msomaji alikumbuke hilo.

*

Ilitangazwa kwamba Mlezi wa Taifa angezuru Mlowezi kuyaheshimu masalia ya Severini. Maandalizi yakaanza kama ilivyo ada. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Miti ilipakwa chokaa mpaka kiunoni. Mbuzi mmoja mweusi aliyekuwa amelala njiani naye alipakwa, akaamka ni wa Serikali.

Mimi nilitumwa na Fomu ya Usafi. Fomu hiyo ina nafasi ya kuandika kitu, kisha hali yake, na hali ziko mbili tu, safi au kichafu.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia Bibi Katarina aliponifungulia kabati. "Hiki kina doa."

"Marahaba, mwanangu. Hilo doa ndilo chenyewe."

"Fomu haina pa kueleza hayo."

"Basi andika ni safi."

"Siwezi kuandika uongo, Bibi."

Nilisema hivyo, mbele ya kitambaa kile, kwa uso mkavu. Bibi Katarina alinitazama kidogo, akasema, "Umesema." Kisha akaongeza kwamba nguo za altare atazifua mpaka Mungu amwite, ila hiki hajapata kukitia maji na hatakitia.

Nikamwomba beseni. Akanipa, kwa kuwa mgeni akiomba beseni kwa watu wa Mlowezi hanyimwi, hata kama amekuja kukosea. Nilikifua mwenyewe. Nilitumia sabuni ya mche, nikasugua kwa vifundo vya vidole kama mama alivyonifundisha, maji yakawa rangi ya chai na povu likawa rangi ya chai. Nilisuuza mara tatu. Nilikitia wanga wa muhogo, nikakipiga pasi ya mkaa, kikawa cheupe kikasimama chenyewe. Ninaona haya kusema kwamba nilijisifu moyoni.

Bibi Katarina alikuwa ameketi kwenye kizingiti muda wote huo.

"Yale maji umeyamwaga wapi?" aliniuliza.

"Kwenye mgomba, nyuma ya sakristia."

Akajiinua, akaenda akasimama pale penye mgomba, amenipa mgongo. Mimi nikajaza fomu. Nikaandika: safi.

*

Siku tatu kabla ya ziara alikuja Waziri wetu, Mheshimiwa Deusdedit Lukanda, kufanya mazoezi ya kustaajabu. Alikuwa amepanga atastaajabu hatua mbili nyuma ya Mlezi. Kabati likafunguliwa.

"Sura iko wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

Nikamwonyesha fomu. Aliisoma pande zote mbili, akaona imejazwa sawasawa, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akakohoa na kutoa hotuba, ingawa tulikuwa watu wanne tu mle ndani.

"Sura ya Taifa haiwezi kupotelea ndani ya beseni," alisema. "Kama imepotea, basi haikupotea, iko mahali. Na kama iko mahali, hakuna mahali katika nchi hii ambapo mkono wa Serikali haufiki."

Padri Honorati, paroko, alisema kwa sauti ya chini kwamba labda tuwaambie waumini ukweli tu. Waziri akamuuliza kama yale mabati mapya yaliyoahidiwa na wizara yamekwisha kufika. Padri akatazama juu, mahali ambapo paa huvuja. Simlaumu. Yeye alikuwa na paa la kusingizia, mimi sikuwa na kitu.

Ikaundwa Tume ya Kurejesha Uhalisi. Wajumbe walikuwa mtaalamu wa mvua, mkurugenzi wa Usafi, daktari wa meno ambaye ni shemeji yake Waziri, na mjumbe wa nne aliyekuwa nje ya nchi lakini aliyekwisha kukubali. Mimi nikawa katibu. Tume iliona kwamba kitambaa kipo, kinachokosekana ni sura, na sura wizarani zipo nyingi hazina kazi. Ikatafutwa sura ya mtu aliyeteseka muda mrefu bila kulalamika. Wakafungua majalada ya watumishi, wakakuta jina langu.

Walichemsha majani ya chai mpaka yakawa machungu, wakachanganya masizi na mafuta ya nyonyo, wakanipaka usoni. Daktari wa meno alinishika kisogo akanikandamiza uso kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya meza ya mikutano.

"Usipumue," alisema. "Ukipumua atatoka anacheka."

Sikupumua. Uso ukatoka vizuri, pamoja na kovu la jipu la utotoni lililo kwenye shavu langu la kushoto. Mtaalamu wa mvua alitaka kovu lifutwe, Waziri akakataa, akasema shahidi wa imani akiwa na jeraha si vibaya. Nilinawa, nikarudi mezani kwangu, nikaandika kumbukumbu za kikao kwamba uhalisi umerejea.

*

Cheti cha uhalisi kilihitaji shahidi, na shahidi ni mmoja tu aliyekijua kitambaa tangu zamani. Tume ikaketi kanisani, mbele ya altare. Bibi Katarina akaitwa. Alikuja na khanga yake safi, akakitazama kitambaa, na hakuchukua muda hata wa kusema Baba Yetu.

"Huyu ni Laurenti," alisema. "Ni huyu hapa anayeandika. Tazameni kovu. Alikuja na karatasi, akakifua, nami nilimpa beseni. Na hilo la beseni ni kosa langu, nalisema."

Mwenyekiti, yule mkurugenzi wa Usafi, alinigeukia taratibu.

"Katibu, umeandika?"

"Ninaandika, Mheshimiwa."

"Tusomee."

Nilikuwa na muda, msomaji. Sitaki udhani nilisukumwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na karatasi ilikuwa nyeupe. Nilijua kabisa kwamba nikiandika alivyosema, mimi nitafukuzwa na yeye atabaki na jina lake. Nikasoma kwa sauti ya ofisini: "Shahidi amethibitisha kwamba hii ndiyo sura aliyoitunza kwa miaka thelathini na minne. Shahidi anakiri kwamba iliwahi kufifia mikononi mwake."

Hilo la pili hakuna aliyeniagiza. Lilikuja lenyewe, kwa mazoea ya kazi.

Wakamletea kidau cha wino aweke dole gumba. Bibi Katarina alikunja kiganja.

"Kidole changu nimekuja nacho," alisema, "na nitarudi nacho."

Tukaandika kwamba shahidi ameshindwa kuweka dole kutokana na furaha.

Juma hilohilo nilipelekewa barua niipeleke kwake. Nilimsomea mlangoni. Ilisema anapumzishwa kwa heshima kwa sababu ya umri, na kwa sababu ya uzembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo la khanga, akanipa ufunguo.

"Kabati hukwama," alisema. "Uinue mlango kidogo ndipo uzungushe."

Nilisema ahsante.

*

Mlezi wa Taifa alikuja, akakitazama kitambaa kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Anafanana na mimi."

Wote wakaona hivyo. Magazeti yakaandika kwamba utakatifu na uongozi vina pua moja. Kitambaa kikatiwa kwenye fremu ya kioo, na ukutani mwa kanisa pakabandikwa kibao cha shaba, nacho nakijua kwa moyo: SURA HII ILIFIFIA KWA UZEMBE WA MTUNZAJI WA AWALI, KATARINA NGIMBA. IMEREJESHWA NA WIZARA.

Padri Honorati alipata mabati yake. Bibi Katarina akiingia kanisani watu wa mbali waliokuja kuhiji waliulizana kama ni yule, na mama mmoja alimsogeza mtoto wake kando asimguse. Watu wa Mlowezi wenyewe walijua kweli ilivyo, lakini kibao ni cha shaba na wao ni watu wa vijijini.

Hapo likazuka tatizo ambalo Tume haikulitazamia. Ikiwa Mlezi anafanana na kitambaa, na kitambaa ni mimi, basi mimi ninafanana na Mlezi, na mtu wa daraja la pili hana ruhusa hiyo. Ukatoka Waraka wa Saba unaokataza mtumishi yeyote kufanana na viongozi wa nchi au wa mbinguni wakati wa saa za kazi. Nikaagizwa nifuge ndevu.

Ndevu zikachelewa. Kabla hazijafunika kovu, mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kuhiji Mlowezi alinikuta kwenye ujia wa wizara, alikokuja kutafuta muhuri. Alikuwa amembeba mtoto wa miaka kama miwili, anachemka homa, macho yamelegea. Alinitazama, akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, akaushika mkono wangu akauweka juu ya kichwa cha mtoto.

Ningeweza kumwambia, mama, inuka, mimi ni karani, mpeleke mtoto hospitali. Maneno hayo si mengi. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mkurugenzi wa Usafi, na mimi nikauacha mkono wangu pale, tena nikafumba macho kama mtu anayesali. Mwanamke akalia kwa shukrani, akaenda zake. Mtoto yule sijui alifikia wapi. Nimeogopa kuuliza mpaka leo, na ninaona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

*

Baada ya hapo niliandika barua. Nilisema yote: fomu, beseni, mafuta ya nyonyo, kumbukumbu nilizozigeuza. Niliomba kibao kiondolewe na jina la Bibi Katarina lisafishwe, kwa kuwa sisi ni Wizara ya Usafi. Niliipiga muhuri mwenyewe, nikaipeleka kwa Tume.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya wizara, jibu lilirudi siku ya pili. Tume ilikuwa imelichunguza suala langu kisayansi. Kitambaa, kwa mujibu wa cheti, ni cha kale. Mimi, kwa mujibu wa cheti changu cha kuzaliwa, si wa kale. Sura iliyotangulia haiwezi kunakili sura iliyofuata. Kwa hiyo imethibitika pasipo shaka kwamba kitambaa ni halisi, na sura iliyonakiliwa ni ile niliyonayo mimi. Nikapewa kitambulisho kipya, na chini ya picha pameandikwa: Uso huu si halisi.

Ukurasa wa pili ulisema kwamba kwa kutambua moyo wangu wa kujali urithi, nimepandishwa kuwa karani daraja la kwanza.

Nilikaa na barua hiyo asubuhi nzima. Nilijiambia nitaikataa. Nikajiambia nitaikubali kwanza, halafu nikiwa daraja la kwanza nitakuwa na nguvu zaidi ya kumtetea Bibi Katarina. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu nzuri. Kabla ya saa ya chakula nilitia saini kupokea.

Severini alijua, hakusema, akafa ili watu wa mapangoni wapone. Mimi nami nilijua, sikusema, nikapewa kiti chenye mikono.

*

Kazi yangu ya kwanza katika daraja jipya ilinirudisha Mlowezi. Wizara ilipata taarifa kwamba kanisani wanakuja mahujaji wa mbali tu, wenyeji hawasimami tena mbele ya kioo cha kitambaa. Nikatumwa nikachunguze wanasimama wapi.

Haikuwa kazi ngumu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na nyuma ya sakristia, penye ule mgomba, palikuwa na watu kumi na wawili wamepanga mstari. Mgomba wenyewe ulikuwa wa kawaida tu, majani yamechanwa na upepo, chipukizi mbili pembeni. Mzee mmoja alisema mpaka wa shamba alisogeza yeye. Wakamjibu, "Umesema." Binti mmoja alisema ile barua ya posa aliichoma yeye, si panya. Wakamjibu vivyo hivyo.

Bibi Katarina alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndevu zimekuja."

"Zimekuja." Nikasimama na fomu yangu mkononi. "Bibi, hivi ulikuwa unaamini kweli kwamba lile doa lilikuwa Severini?"

Aliendelea kuchambua. "Kuna siku niliamini, kuna siku niliona chai. Wakati wa masika zaidi niliona chai. Lakini sijapata kumsikia mtu akidanganya mbele yake, isipokuwa wewe, siku ile ya fomu. Sasa maji yapo hapa, watu wanakuja hapa. Mimi nitawaambia nini?" Akainua macho. "Mstari unasogea. Umekuja kuandika au umekuja kusema?"

Walionitangulia waliisha. Nikajikuta mbele ya mgomba. Watu wote wa Mlowezi wakawa wananitazama bila ukali wowote, jambo lililonizidishia aibu.

"Nilikifua mimi," nilisema. "Sura iliyo kwenye kioo ni yangu. Bibi Katarina alisema kweli kanisani, mimi nikaandika uongo. Kisha nikaandika barua ya kuungama, wakanipa daraja la kwanza ninyamaze, nami nikalipokea."

Upepo ukatikisa majani. Nilitamani anitukane mtu.

"Umesema," wakanijibu.

Bibi Katarina alimwaga mawe ya maharage chini, akajipangusa mikono. Aliniuliza jambo moja tu, kwa upole, kama mama anayemuuliza mtoto kama amekula. Aliniuliza kama Jumatatu nitayasema hayohayo ofisini.

Nikamwambia ndiyo, Bibi, nitayasema. Nilimwambia hivyo mbele ya mgomba.

Kwenye fomu niliandika kwamba wenyeji nimewakuta wanapumzika. Jumatatu nilikwenda ofisini, nikaketi kwenye kiti chenye mikono, na Jumatatu zimepita nyingi tangu hapo. Kibao bado kiko ukutani. Shaba huchafuka upesi na ukungu wa milimani, kwa hiyo kila mwezi wizara hunituma Mlowezi na kitambaa cheupe, nikaling'arishe jina la Katarina Ngimba lisomeke vizuri kutoka mlangoni.